Madoa ya Zambarau kwenye Nusu Dola

Kwanza niseme mwenyewe kabla Delbert hajakusimulia kwa mbwembwe zake: ni mimi, Verlin Tuttle, niliyesimama mbele ya chama chetu na kutangaza kwamba sarafu za fedha zimekwisha Amerika nzima. Nilitangaza kwa sauti kubwa, tena nimevaa tai.

Chama chenyewe kina watu watatu. Mimi, fundi bomba mstaafu. Orpha Lindquist, mwalimu mstaafu ambaye mpaka leo anatuamuru tukae wima. Na Delbert Ostrander, aliyeuza matrekta miaka arobaini na bado anaongea kana kwamba kuna mtu anataka trekta. Kila Alhamisi asubuhi tunakutana chumba cha nyuma cha kanisa, hapa hapa mjini kwetu Ohio. Kila mmoja anakuja na boksi lake la nusu dola kutoka benki, sarafu elfu moja. Tunachana vile vifurushi vya karatasi, sarafu ishirini kila kimoja, na kuangalia ukingo wa kila sarafu. Ukiona mstari wa kahawia, hiyo ni shaba iliyovishwa koti, irudi benki. Ukiona ukingo mweupe wote, hiyo ni ya 1964 kurudi nyuma, madini ya fedha halisi, na hiyo hairudi popote.

Sasa, miezi tisa ilikuwa imepita hatujaona ukingo mweupe hata mmoja. Mchungaji naye akaja na habari zake: akina mama wanaoshona mablanketi wanakitaka chumba, na kama chama chetu hakina tena cha kutafuta, basi tuwaachie ifikapo Krismasi. Mimi nikasema potelea mbali, nyumbani ninayo meza. Orpha ana wajukuu tisa wa kuwaamuru. Delbert ndiye hana pa kwenda. Tangu Jeanette wake afariki, Alhamisi ndiyo siku pekee anayonyoa ndevu. Hilo nililijua, na hotuba yangu niliitoa vilevile. Ndivyo nilivyo.

Jumatatu iliyofuata, bila kungoja Alhamisi, nafungua boksi jipya jikoni, nakuta sarafu ina doa la zambarau. Ya pili, doa. Ya tatu, doa.

"Corliss!" nikamwita mke wangu. "Njoo uone! Kuna mshenzi anapaka sarafu rangi!"

"Mshenzi ni mimi," akajibu bila hata kuacha kumenya viazi. "Ni rangi yangu ya kucha. Nilizipaka mwezi uliopita, kabla hujazirudisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sura za hizo sarafu nimezichoka, Verlin. Nilihisi unazunguka na boksi hilohilo."

Nikakaa chini. Haiwezekani, nikamwambia. Kila mwindaji wa sarafu anajua kwamba benki unakochukua siko unakorudisha. Mimi nachukua benki ya kona, narudisha ile ya kule mtoni. Na hizo benki sijamtajia mtu yeyote, maana benki ya mwindaji ni siri yake. Hata Corliss nilimtajia baada ya miaka kumi na miwili ya ndoa.

"Basi waulize wenzako," akasema. "Na ukome kunikalia jikoni na uso huo."

Alhamisi nikakiri, maana kukaa na jambo moyoni kunanipandisha presha. Nilingoja Delbert acheke mpaka adondoke. Hakucheka. Alitia mkono mfukoni, akaweka mezani nusu dola kumi na moja, zote zina doa la zambarau.

"Nilidhani ni ugonjwa wa sarafu," akasema kwa sauti ndogo. "Nimekuwa nikizishika kwa glavu."

"Mimi nimeona ishirini na sita," akasema Orpha. "Nyamazeni wote. Verlin, unarudisha benki gani?"

"Siwezi kusema."

"Verlin!"

"Ya mtoni."

Delbert akaruka. "Ya mtoni? Mimi si ndiko ninakochukua!"

"Na wewe unarudisha wapi?"

"Karibu na kituo cha mafuta."

Orpha akafumba macho. Yeye huchukua ile ya kituo cha mafuta, hurudisha benki ya kona. Ya kona ni yangu. Miezi tisa watu wazima watatu tulikuwa tukipekua maboksi yaleyale matatu, tukipokezana kwa siri kubwa, kisha tukalaumu serikali.

Corliss, aliyekuwa ameleta pai ya maboga, akaweka kisu chini. "Fedha haijaisha," akasema. "Iko chini ya vitanda vyenu. Mnataka kuokota? Basi rudisheni kidogo."

Tukamkodolea macho. Ungedhani ametuomba figo. Lakini Orpha akapitisha azimio: kila mmoja atarudisha sarafu tano za fedha kufikia Jumatatu, kwa uaminifu, bila kukaguliwa. Tukainua mikono, tukaapa.

Wiki tatu tukapekua. Hakuna. Delbert akalaumu benki, mimi nikalaumu benki, Orpha akalaumu malezi ya siku hizi. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Zangu tano zilikuwa ndani ya soksi, kabatini.

Alhamisi ya nne Delbert akaanza kukunja kitambaa cha meza, taratibu, kona kwa kona. "Tuwaachie akina mama chumba," akasema. "Imetosha jamani." Nikaona shavuni hajanyoa.

Lo, niliumia! Nikarudi nyumbani nikaifungua ile soksi. Nikaitoa ya kwanza niliyowahi kuokota, ya 1964, yenye mkwaruzo shingoni mwa ile sura ya rais, niliyoipata wiki tuliyooana na Corliss. Nikairudisha ndani soksini. Nikaitoa tena. Corliss alikuwa mlangoni ananitazama. Nikaifunga kwenye karatasi pamoja na shaba kumi na tisa, nikaendesha gari hadi benki ya mtoni nikijitukana njia nzima.

Alhamisi iliyofuata Delbert aliingia anakimbia, na goti lake lile bovu. "NYEUPE!" Akaigonga mezani, ikalia ile sauti nyembamba ambayo shaba haiijui. Mkwaruzo shingoni ulikuwa pale pale. Mashavu yake yamenyolewa mpaka yanang'aa, amejikata mara mbili.

Orpha akapiga makofi. Akakimbia kumwita mchungaji aje aone kwa macho yake.

Delbert akaniegemea. "Unajua tatizo lako, Verlin? Pupa. Wewe unatazama tu, huoni. Mimi nilihisi kabla sijafungua karatasi. Ni kipaji hiki, watu hawazaliwi nacho wote. Na wewe ukatuambia zimekwisha! Na tai juu!"

Damu ikanipanda mpaka masikioni. Maneno yote yalikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Chini ya meza Corliss, aliyekuwa amekuja na pai tena, akanishika goti.

"Ni kweli, Delbert," nikasema. "Hebu nifundishe."

Akavuta kiti chake karibu na changu.