Gesi Iliyomchukua Nasma

Nyumbani kwetu Ilala neno gesi halitamkwi ovyo. Ukilitamka, mama anaacha alichoshika, anajiziba mdomo kwa upindo wa khanga, na chumba cha tatu kinakohoa. Humo ndimo alimofia dada yangu Nasma. Cheka utakavyo. Mimi Hajira ni mama lishe wa Kariakoo, kutwa nipo kwenye makelele ya makuli na vipaza sauti, sina muda wa kutunga mashetani. Nakwambia kinakohoa.

Nasma alikuwa mzazi, hata arobaini yake haijafika. Ilikuwa masika. Mama akamwekea jiko la mkaa chini ya kitanda apate joto, kama yeye mwenyewe alivyowekewa alipotuzaa, akamfungia na dirisha. Usiku ule kichanga nilikuwa nacho mimi, na leo kinasoma darasa la pili. Kulipokucha Nasma hakuamka.

"Ni gesi," daktari alisema. Akataka kuendelea, lakini kaka yangu Adamu akamkatiza, "Inatosha, daktari." Tulimtazama mama, tukameza maneno. Nani angemwambia ni jiko lake? Mama akabaki na neno moja tu, gesi, na akalichukia kuliko shetani.

Nilipomnunulia jiko la gesi apumzike na moshi, aliuburura mtungi mpaka barabarani. "Muuaji halali kwangu!" Nilimfokea mpaka majirani wakatoka. Mwisho nikaupeleka mtungi kibandani kwangu Kariakoo, mama akabaki na mkaa wake.

Mwaka huu masika yalipoanza, Adamu alikuja Jumapili kula pilau. Ni mhasibu kwenye ofisi moja Posta, na siku hizi anaongea kama taarifa ya habari. Redio ikataja mpango wa kuuza gesi nje. Nikasonya.

"Hizo ni dola, Hajira," akasema. "Hospitali unadhani zinajengwa kwa huo mdomo wako? Gesi ikikaa chini ya bahari haimlishi mtu."

"Na ikienda zake inamlisha nani? Mtaa mzima huu wanawake macho mekundu kwa moshi, mtungi nikiujaza bei inanitoa roho, wewe unaniletea dola!"

"Bila wanunuzi wa nje, hiyo mitambo ya kuichimba ataijenga nani? Tunauza, tukipata tunasambaza mabomba mpaka hapa kwenu."

Hapo alinipata. Nami nikikosa jibu ndipo napandisha sauti, lakini mama akaniwahi.

"Wauze," alisema ndani ya khanga. "Wauze yote. Isibaki hata ya kunusa."

Adamu akaangua kicheko. "Umeona? Bimkubwa kaelewa uchumi!"

Ukutani kikohozi kikaanza. Kicheko kikamkatika. Alikisikia, wallahi alikisikia, maana alinawa mikono akaondoka na pilau nusu sahani.

Alhamisi mvua ikamwagika, maji yakapita chini ya meza zangu Kariakoo. Nikafunga mapema. Nilipofika nyumbani nikapiga hodi, kimya. Uani maji mpaka kwenye vifundo, na jiko la mama halikuwepo mahali pake. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa. Chumba cha tatu kilikuwa kinakohoa bila kupumzika, kama mtu anayeniita nifanye haraka.

Nikausukuma mlango kwa bega. Jiko lilikuwa katikati ya chumba, mkaa mwekundu, sufuria ya maharage juu yake. Mama alikuwa amelala ubavu mkekani, kichwa kimelegea. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa khanga, na nyingine imesokomezwa chini ya mlango. Nikamburura mpaka barazani, nikampiga mgongoni, nikamwita kwa jina lake la utotoni. Akatapika. Akavuta pumzi. Yarabi, akavuta na ya pili.

"Nimeziba kila tundu, mwanangu," alisema kwa taabu. "Redio imesema gesi inaanza kutolewa. Nikasema isije ikapitia hapa."

Nililia kwa hasira na kwa huruma, vyote pamoja. Nikinyamaza tena, mvua ijayo nitamzika. Nikisema, namuua kwa namna nyingine.

"Mama, siyo ile ya redioni. Ni mkaa. Ukiufungia ndani unatoa gesi yake, haina hata harufu. Ndiyo iliyomchukua Nasma."

Hakulia. Aliitazama mikono yake, masizi yamejaa kwenye kucha.

"Jiko niliweka mimi," alisema.

Nilimshika ile mikono, nikasikiliza upande wa chumba cha tatu. Kilikuwa kimya, na kimya kile kiliniumiza kuliko kikohozi. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikapungua.

"Hajira."

"Abee, mama."

"Mpigie kaka yako. Mwambie nimeyafuta maneno yangu ya Jumapili."

"Yapi, mama?"

"Wasiuze yote. Watubakizie."