Kitovu Kilichoangukia Kishapu

Ardhi ilipotikisika kwenye machimbo ya Nyarugusu, Geita, asubuhi ile, Pantaleo, msimamizi wa kikundi cha wachimbaji wadogo, aliwatoa watu wake shimoni. Kisha akampigia simu Noela, mtaalamu wa matetemeko aliyekaa Shinyanga na kusimamia vituo vinne vya kupima mitetemo.

"Dada, limetoka chini yetu?"

Noela alitazama kompyuta. Mtikisiko ulionekana kufika kwanza kituo cha Kishapu, mbali kabisa na machimbo.

"Kishapu," akajibu. "Si chini yenu."

Pantaleo akashukuru, akakata simu.

Lakini hesabu hazikukaa sawa. Tetemeko hutuma mawimbi mawili: la kwanza lina mbio, la pili linafuata, na kadiri yanavyosafiri ndivyo yanavyoachana. Pale Kishapu yaliachana mno. Saa ya kituo ilisema tetemeko lilianzia karibu na hapo. Mawimbi yalisema limetoka mbali. Noela akarudia hesabu, zikagongana tena. Akawasha gari kwenda Kishapu.

Kituo kilikuwa kando ya zizi la Mbuke, mama mfugaji.

"Shikamoo, mama. Asubuhi mlitikisika?"

"Marahaba, mwanangu. Kutikiswa na nini? Hata maziwa kwenye kibuyu yalitulia."

Noela akazidi kuchanganyikiwa. Alipokikaribia kifaa, akakuta antena imefunikwa bati, na juu ya bati mawe.

"Jana mvua ya mawe ilikuja, nikakihurumia," Mbuke akasema. "Nimekosea?"

"Hapana, mama. Sisi ndio hatukukwambia."

Kifaa kile hupata saa sahihi kutoka kwenye setilaiti. Mawingu yalipokinyima umeme wa jua, kilizimika. Kilipowaka tena chini ya bati hakikuliona anga, kikaendelea na saa ya uongo iliyobaki nyuma, ndiyo maana mtikisiko ukaonekana kufika huko kwanza.

Palepale Noela akaiondoa saa ya Kishapu kwenye hesabu, akazirudia kwa vituo vitatu vilivyobaki. Kitovu cha tetemeko, mahali lilipoanzia, kikahamia Geita, doa pana kwenye ramani, Nyarugusu ikiwa ndani yake.

Akapiga simu. "Kaka Pantaleo, watu wako wako wapi?"

"Wameshashuka. Si ulisema Kishapu?"

"Nilikosea. Watoe!"

"Sasa nikuamini wakati gani, dada? Asubuhi au sasa?"

"Hata mimi sielewi vizuri. Watoe tu."

Alimsikia akipaza sauti shimoni. Mbuke, bila kujua kuna nini, akamshika Noela mkono wakasubiri pamoja, hadi Pantaleo aliporudi kwenye simu akihema. Wote walikuwa juu.

Jioni Pantaleo akapiga tena. Ukuta wa shimo ulikuwa na ufa mpya, na magogo ya kushikilia mwamba yalikuwa yamepinda.

"Ni tetemeko, au ni mvua tu imelegeza udongo?"

"Sijui, kaka."

"Litarudi?"

"Hilo nalo sijui. Lakini nikiweka kifaa hapo karibu na shimo lenu, nitajua zaidi."

"Basi kilete," Pantaleo akasema, hasira imemwisha. "Sisi tutakaa juu."