Kiti cha Dionne

Perlita Javellana alikuwa amestaafu, ila mdomo wake haukustaafu. Kwa miaka mingi aliendesha kampuni ya vivuko pale Iloilo, mji wa bandari nchini Ufilipino, akiwaamrisha manahodha wenye vifua vipana nao wakiitikia kama watoto wa shule. Sasa alikuwa mjumbe wa bodi ya Tugnaw, kampuni changa ya vijana waliotengeneza vipimo vya kufungwa kwenye friza za samaki. Baridi ikipungua, simu ya mwenye samaki inalia kabla mali haijaoza.

Kazi ya mjumbe wa bodi ni kuuliza na kushauri. Kuamuru ni kwa mkurugenzi. Perlita aliijua sana tofauti hiyo, maana enzi zake aliwahi kumtoa mjumbe mmoja nje ya ofisi kwa kosa la kuwapigia simu mafundi wake. Alimfokea hadi mzee wa watu akasahau kofia.

Lakini nyumba ilikuwa kimya mno. Tangu mumewe Isidro afariki, hapakuwa na mtu wa kumuuliza hata kama amekula. Basi siku mhandisi Jorvic alipompigia, "Madam, samahani, bosi yuko kwenye ndege, tufanyeje hapa?" Perlita alijisikia kijana upya, akajibu. Kesho yake akapigiwa tena, akajibu tena. Ikafika mahali simu inaingia naye hadi bafuni.

Asubuhi ya kikao alifika na sufuria lake la supu ya molo, ile yenye vifuko vya unga vilivyojazwa nyama, kama kawaida yake. Dionne Sumagaysay, mkurugenzi na mwanzilishi wa kampuni, alimlaki mlangoni, akaushika mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, kama binti yeyote aliyelelewa vizuri anavyomwamkia mtu mzima.

"Umekonda wewe," Perlita akamwambia. "Unakula kweli?"

"Nakula, Tita." Ndivyo alivyomwita, yaani shangazi.

"Uongo mtupu. Leta bakuli."

Binti alicheka, lakini macho yalikuwa mekundu. Perlita aliliona hilo na moyo ukamuuma. Hakumzaa, ila alimpenda tangu siku ile alipokuja kumwomba aingie kwenye bodi, amevaa viatu vya kuazima vinavyompwaya.

Bodi yenyewe ilikuwa ya watu watatu: Dionne, Perlita, na Bwana Villaruz, mwekezaji kutoka Manila. Villaruz hakugusa supu.

"Tusizungushane," alisema. "Wiki iliyopita kule mji wa Roxas, vipimo vipya vilifungwa kwenye maghala yote kwa mpigo. Vikapiga kelele bure usiku kucha. Watu wametoka vitandani na chupi! Mteja wetu mkubwa anataka kuturudishia kila kitu. Nani alitoa amri?"

"Mimi ndiye mkurugenzi," Dionne akasema. "Lawama ni yangu."

Perlita akaweka kijiko chini. Amri ile aliitoa yeye, kwenye simu, huku anamwagilia maua. Dionne alikuwa ameagiza waanze na ghala moja, wasubiri, waone. Perlita akaona huo ni woga wa kitoto. "Fungeni yote, mnaogopa nini?" alimwambia Jorvic.

Na Dionne alijua. Ilionekana wazi jinsi alivyoinama na kukikodolea macho kijiko. Alijua, akameza, kwa sababu hangeweza kumvunjia heshima mtu mzima mbele ya mgeni, hata kama heshima hiyo ingemgharimu kampuni aliyoijenga kwa mikono yake.

"Lawama ni yako, lakini watu si wako," Villaruz akaendelea. "Nimezunguka kwa wafanyakazi. Kila ninayemuuliza jambo ananiambia, ngoja tumuulize Madam Perlita. Sasa tudanganyane ya nini? Bosi wa hapa anajulikana. Dionne abaki na ufundi wake, Madam akalie kile kiti. Mimi nakubali. Dionne najua atakataa. Imebaki kura yako, Madam."

Tusimsingizie utakatifu: Perlita alikitaka kile kiti. Alikitaka kwa uchu. Aliona asubuhi zenye pa kwenda, mlango wenye jina lake, watu wakinyamaza anapoingia. Alitazama kiti cha Dionne, kiti cha plastiki chenye mto wa kitambaa cha maua ulioshonwa na mama yake, akaanza kufikiria wapi pa kupata kiti bora zaidi.

Hapo simu yake ikalia. Jorvic.

Zamani angetoka nje kuipokea. Leo aliiweka katikati ya meza, akafungua sauti ili wote wasikie.

"Madam, afadhali umepokea! Jamaa wa hapa Roxas wamekuja na bisibisi, wanataka kuving'oa vipimo. Tuwaache?"

Jibu lilimjaa mdomoni, tamu kabisa. Villaruz alikuwa akitabasamu.

"Jorvic," Perlita akasema, "wiki iliyopita uliniuliza nami nikakuambia ufunge yote. Nilikosea mara mbili, mwanangu. Jibu lilikuwa baya, na mimi sikuwa mtu wa kukujibu. Bosi wako yuko hapa. Muulize yeye."

Akaisukuma simu kuelekea kwa Dionne.

Dionne aliinua uso. Akamtazama Perlita, kisha akaivuta simu karibu.

"Jorvic, waambie waving'oe vyote isipokuwa vya ghala la bandarini. Usibishane nao, wasaidie kuving'oa. Halafu wapikie kahawa. Nakuja mwenyewe na basi la mchana, nitalala hapo ghalani mpaka nijue vinalilia nini."

"Sawa, bosi," Jorvic akasema. Neno hilo halikuwa limesikika siku nyingi likielekezwa kwa Dionne.

"Nawe ukome kumpigia Tita mambo ya kazi."

"Sawa, bosi."

Villaruz akakohoa. "Kura, Madam?"

"Umeshaisikia. Kile kiti kina mwenyewe. Hawakumsikiliza kwa sababu mimi nilikuwa nawajibu. Kunywa supu yako, inapoa."

Akainywa. Alikuwa mtu wa mahesabu, na mtu wa mahesabu anajua akishindwa.

Perlita alirudi nyumbani na sufuria tupu. Akaliosha, akalifuta, akaiweka simu mezani mbele yake. Saa ya chakula cha jioni ikafika ikapita. Simu haikulia. Alikuwa amefanya jambo la haki, na jambo la haki lilimwacha peke yake na saa ya ukutani. Alilia kidogo, hakuona haya, maana hakuna aliyekuwepo wa kumwonea haya.

Ndipo ikalia. Aliinyakua hata kabla ya kutazama jina.

"Haya niambie, vinalilia nini?"

"Sikukupigia kwa hilo, Tita," sauti ya Dionne ilisema, nyuma yake friza zikinguruma. "Hilo nitalimaliza mwenyewe. Nimekupigia kukuuliza, umekula?"

Perlita alitazama jiko lililolala baridi.

"Nimekula," akasema.

"Uongo mtupu," Dionne akamwambia. "Inuka, leta bakuli. Sikati simu mpaka nisikie kijiko."