Nyumba ya Nne ya Kavumbuni

Mzee Kimanzi alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake ya mabati katika mtaa wa Raila jijini, hatua chache kutoka kwenye reli, akimtajia binti yake nyumba za Kavumbuni moja baada ya nyingine. Wanza aliandika daftarini. Kanisa la huko kwao Ukambani lilitaka historia ya kijiji hicho kabla waliokijua hawajaisha.

Kijiji kilianza na tangi la maji. Treni za mvuke zilisimama kunywa, watu wakaja kuuza mayai na maembe madirishani, likajengwa duka, halafu kanisa. Treni zilipoacha kusimama, watu wakang'oa milango yao na kuondoka nayo.

"Baada ya Kitheka, nyumba ya nne ilikuwa ya nani?" Wanza akauliza.

Treni ya abiria ilikuwa ikipita, vikombe vikitetemeka, naye mzee alikazia macho ng'ambo ya reli.

"Unamwona? Mama mwenye beseni. Husimama pale mpaka behewa la mwisho lipite. Kisha hayupo."

Wanza aliona ukuta na kamba ya nguo tu. Lakini baba yake alikuwa ameinamisha kichwa taratibu, vile mtu humsalimia jirani.

"Ni Mukai," mzee akasema. "Nyumba ya nne ilikuwa yake. Mimi ndiye nilikuwa mtu wa bendera pale treni zilipokuwa zikisimama. Nilikuwa napiga stori na mwenye duka, nikainua ya kijani, treni ipite, bila kuangalia upande wa pili. Alikuwa bado anavuka, ikamgonga. Kwa ripoti nikaandika alijitupa mwenyewe."

Wanza akafunga daftari. Bintiye Mukai, Ndululu, aliuza mboga Kawangware. Walikuwa wakisalimiana kila Jumapili.

Asubuhi iliyofuata Wanza akampeleka baba yake huko. Mzee alivua kofia, akasema yote akiwa amesimama. Ndululu aliendelea kukata majani ya sukuma mpaka aliposikia neno ripoti.

"Nyanya alikufa akiamini Mama alijiua," akasema. "Mama alizikwa bila maombi. Nina wasichana wawili, na hakuna niliyempa jina lake. Niliogopa mkosi."

"Nisamehe, mama," mzee akamwambia.

"Sijui kama nitaweza. Mama alizikwa wapi? Nilikuwa mdogo sana."

"Karibu na mto mkavu. Nitakuonyesha."

Jumamosi wakaenda wote watatu. Kavumbuni hapakuwa na mtu. Miiba ilikuwa imemeza kuta na njia, wakapita wakichanika nguo. Lakini kando ya mto walikuta kipande cha ardhi kisicho na hata jani, chenye alama mbichi za ufagio.

"Nani hukaa huku?" Wanza akanong'ona.

"Hakuna," mzee akasema. "Hapa ndipo alipozikwa."

Ndululu akapiga magoti. Akamwita mama yake kwa jina, mara moja, kisha akaomba kwa sauti ndogo, muda mrefu. Mzee alibaki nyuma kwenye miiba, asithubutu kukanyaga pale palipofagiwa, hadi Ndululu alipogeuka.

"Kuja," akamwambia. "Mwambie yeye pia."