Nywele za Jeneza

Neno saratani Bi Saturnina alilipokea bila kupepesa jicho, kana kwamba daktari amemtajia bei ya viazi. Lakini aliposikia kwamba dawa ya kemo itamng'oa nywele, aliinuka, akaiweka sawa kofia yake ya duara, akamwambia bintiye, "Roxana, twende nyumbani."

Ndani ya gari la waya, lile linaloning'inia juu ya mapaa ya mji, wakipanda kurudi El Alto, Roxana alibembeleza mpaka midomo ikamkauka.

"Mama, ugonjwa umewahiwa. Ukianza dawa wiki hii utapona."

"Nitaanza baada ya sikukuu."

"Sikukuu ni miezi miwili ijayo. Kweli sikio la kufa halisikii dawa."

"Langu linasikia, mwanangu. Linasikia na tarumbeta pia. Mimi ndiye ninayetangulia safu ya wanawake wanaocheza ngoma. Unataka nipite mbele ya mtaa mzima na kichwa kama yai?"

Roxana alikasirika, na chini ya hasira ilikuwa hofu. Yeye mwenyewe alikata nywele zamani na kuvaa suruali, akadhani mambo ya kichwa ni mepesi. Kesho yake akaja na misuko miwili ya dukani, mizuri, inang'aa. Mama yake aliitazama kama panya aliyekufa.

"Mwanamke wa sketi za marinda avae misuko ya bandia? Kuna binti alivuliwa taji la urembo hadharani kwa hayo hayo. Wewe umezaliwa wapi?"

Roxana alirudisha misuko mfukoni akaenda kumtandikia mama kitanda. Hapo mguu wake ukagonga mfuko wa kitambaa uvunguni. Aliujua tangu utotoni, na aliuogopa. Kila asubuhi mama alichambua nywele zilizonasa kwenye kitana akaziweka humo, kwa sababu maiti anayeacha nywele zake duniani hana budi kurudi kuziokota. Zilikuwa za kulazwa jenezani, chini ya kichwa chake.

Aliutua mfuko mapajani mwa mama yake.

"Hizi za nani, Mama?"

"Zangu. Za kuzikiwa. Ziache."

"Basi si za bandia."

Bi Saturnina akaupapasa mfuko. "Na nikifa nitazikwa na nini?"

"Jeneza halina haraka. Sikukuu ina tarehe."

Mama alijaribu kununa, akashindwa, akacheka mpaka shali ikamdondoka. "Mdomo huo ni wa bibi yako mtupu. Haya, waambie hospitali ninakuja."

Dawa ilimtesa. Alitapika, kucha zikaingia weusi, na nywele zikatoka kama walivyoambiwa. Siku alizopata nguvu walikaa uani juani, Roxana akichana na kupanga, mama akiamuru kama jemadari: mvi zikae juu, nyeusi za usichana zimalizie chini. Mara mbili alimfumulia kazi yote. Misuko ilipokamilika wakaishonea kwenye utepe ndani ya kofia.

Siku ya sikukuu ngoma zilitikisa madirisha. Bi Saturnina alikuwa amekonda, lakini marinda yake yalizunguka vizuri na misuko ikalala mgongoni pale ilipopazoea. Pembeni alisimama Bi Primitiva, kiongozi wa kundi pinzani, mwanamke asiyejua kusema polepole.

"Saturnina! Misuko hiyo umeinunua duka gani?"

Watu wakageuka. Roxana, aliyefuata ukingoni na chupa ya maji, alihisi damu ikimpanda usoni. Mama yake alisimama, na safu nzima ikasimama nyuma yake. Akamwendea Primitiva, akamnyooshea ncha ya msuko mmoja.

"Weusi huu wa hapa mwishoni huujui? Si ndio uliokuwa ukiuvuta tukiwa darasani?"

Primitiva aliishika ile ncha, akaitazama. Kisha akaiachia taratibu, akavua kofia yake.

"Ndio wenyewe," akasema, kwa sauti ile ile ya kusikiwa na wote. "Nilipigwa fimbo kwa ajili yake."

"Na ulistahili. Sasa nipishe, nina kazi."

Tarumbeta zikalia tena. Bi Saturnina akazungusha marinda na kutangulia, na Roxana akamgeukia mtu asiyemjua, ambaye hata hakuwa ameuliza, akamwambia, "Yule ni mama yangu."