Seva Iliyolala Kila Jioni

Jumatatu asubuhi mtu aliyevaa koti la madereva aliingia ofisini kwetu bila kubisha. Alishika kofia yake kwa mikono miwili, akauliza, "Ile orodha ya damu inakaa wapi?"

Tulikuwa wawili tu mle ndani. Babu, ambaye ana miaka thelathini na minne na anaitwa hivyo kwa sababu ya upara wake, alinyoosha kidole juu. "Iko kwenye wingu, mzee."

Yule mtu aliitazama dari, kisha akatutazama sisi. "Sikuja kuchezewa, mwanangu."

"Utusamehe, mzee," nikasema, nikamvutia kiti. "Ni kompyuta tunazokodi. Ziko kwenye jengo la kampuni nyingine, mbali na hapa. Sisi tunaziendesha kwa mtandao."

Hakukaa. Alisema anaendesha gari la damu kati ya hospitali sita zinazotumia orodha yetu: kila chupa iliyopo, iko friji gani, na kila mchangiaji wa kupigiwa simu chupa zikiisha. Mwaka juzi, kabla sijaajiriwa, orodha ilizimika, naye akasimama getini dakika hamsini na sanduku tupu la barafu kwa sababu hakuna aliyejua amtume wapi. Hakutuambia mgonjwa wa siku ile aliishia vipi, nasi hatukuuliza.

"Alhamisi ni zamu ya binti yangu," akasema. "Ana mimba, kondo la nyuma limekaa njiani. Daktari anasema lazima apasuliwe na damu itamtoka nyingi. Damu yake ni ya shida. Wamemwekea chupa mbili. Zikipita mbili, wataitafuta kwenu. Mna watu tisa tu wenye damu hiyo, nimeambiwa."

"Tisa, ndiyo," nikasema.

"Sasa hiyo kompyuta ikifa?"

Swali hilo nililijua jibu lake. "Tangu ile siku tuna mbili, mzee. Kubwa inafanya kazi, ndogo ya akiba inanakili kila kitu. Kubwa ikifa, ndogo inachukua nafasi yake yenyewe."

"Mlishawahi kuiua ile kubwa, mkaona?"

Babu aliacha kutafuna kalamu.

"Mimi tairi la spea nalishusha kila Jumamosi," dereva akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Nalifunga, nalikanyagia, nalirudisha. Spea ambayo hujawahi kuifunga siyo spea. Ni mzigo."

Hapo ningeweza kusema tutalifanyia kazi, kama ofisi zote zinavyosema. Lakini mikono yake ilikuwa inaizungusha ile kofia bila kukoma. Nikasema, "Kabla ya Alhamisi nitaizima mimi mwenyewe. Nitakupigia kwa simu yangu nikuambie kilichotokea, kiwe kizuri au kibaya."

Aliandika namba yake nyuma ya karatasi ya kupokelea mizigo, akaiweka juu ya kibodi yangu, akaondoka.

"Bajeti," Babu akaniita, "umeahidi kwa mdomo wa nani?"

Bajeti ni mimi. Jina hilo nililipata mwezi wangu wa kwanza kazini. Meneja alikuwa amelalamikia gharama za wingu, nami, nikiwa nimetoka chuo na vyeti vyangu bado vinanukia wino, nikaandika programu fupi ya kuizima seva ya akiba, ile kompyuta ndogo, kila jioni na kuiwasha asubuhi, kama taa za ofisi. Ikiamka, niliwaza, itanakili yaliyoipita usiku, kisha itakuwa sawa na mwenzake. Gharama yake ikashuka karibu nusu. Meneja alinisimamisha mbele ya wafanyakazi wote wakanipigia makofi. Nilimpigia mama simu siku ile nikamwambia nimefanya jambo.

Kwenye skrini seva zote mbili zilikuwa na taa ya kijani. Ningeweza kuishia hapo. Lakini maneno ya yule mzee yalikuwa yameniingia, nikaamua kuuliza swali ambalo taa haiulizwi: nakala ya mwisho kuandikwa kwenye seva ya akiba ni ya lini?

Jibu lilikuja: siku kumi na moja zilizopita.

Nilidhani nimekosea amri. Nikaandika tena, herufi moja moja. Siku kumi na moja.

Ilikuwa rahisi kuelewa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kampeni ya kuchangia damu ilikuwa imeongeza majina mengi, yakiingizwa mchana na usiku. Seva ya akiba ilikuwa ndogo. Ilipoamka asubuhi ilianza kukimbiza yaliyoipita, na kabla haijayafikia, programu yangu iliizima tena. Kila siku ilizidi kubaki nyuma. Na taa ya kijani ilichokuwa inapima ni kama seva imewashwa tu.

Kwa hiyo kubwa ingekufa usiku, ndogo ingekuwa imelala; ingekufa mchana, ndogo ingechukua nafasi kwa adabu zote na kuanza kujibu. Ingemtuma dereva kwenye friji ambayo chupa yake ilishatumika wiki iliyopita. Ingemwita mchangiaji aliyetoa damu juzi. Hakuna ambaye angejua. Mwaka juzi orodha ilinyamaza. Safari hii ingedanganya.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii nilikuwa nimeishona mwenyewe nikapigiwa makofi.

Nilimwonyesha Babu. Alisoma mara mbili, akajikuna upara. "Tunaweza kuifuta hiyo programu yako kimyakimya," akasema kwa sauti ya chini. "Seva ndogo iwe macho tangu leo. Kesho itakuwa imefika. Hakuna atakayejua. Muda wako wa majaribio unaisha Ijumaa, Bajeti. Fikiri."

Nilifikiri. Nikiri ukweli, nilifikiri kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. "Na yule mzee akiuliza kama nimeizima ile kubwa?"

"Mwambie umeizima."

"Mficha uchi hazai, Babu."

"Haya," akasema, akavuta kiti chake karibu na changu. "Basi tusifanye nusu nusu."

Tulikaa mpaka saa kumi jioni tukichagua. Seva tatu kwenye miji mitatu zingekuwa salama hata mji mzima ukikosa umeme, lakini gharama yake ingemfanya meneja atufukuze sote na viti vyetu. Kuacha seva moja kubwa peke yake kungekuwa nafuu, lakini kungekuwa ni kurudi getini na sanduku tupu. Kuiacha ndogo macho usiku na mchana kungetosha leo tu; kampeni nyingine ingeiacha nyuma tena. Ndipo Babu akagundua kitu: ile kubwa tulikuwa tunailipia nguvu tusizozitumia. Hata siku yenye kazi nyingi ilitumia chini ya robo ya nguvu zake. Tukachora mpango wa seva mbili za kati, zinazolingana, kila moja kwenye jengo lake lenye umeme wake, zote macho usiku na mchana. Jina lisihesabiwe limeandikwa mpaka liwe limefika kote kuwili. Gharama ilizidi ya sasa kidogo tu.

Jumanne asubuhi nilimweleza meneja kila kitu, nikianza na programu yangu. Alinisikiliza akiwa amevua miwani. Hakupandisha sauti, na nilitamani angepandisha.

"Hizo sifa nilizokupa," akasema, "nilizipeleka mpaka kwa wafadhili."

"Najua, bosi."

Alifungua jedwali lake, akanigeuzia skrini. Pengo lilikuwa dogo kwa shirika, lakini lilikuwa na ukubwa wa kitu kimoja: mshahara wa nafasi ya kudumu iliyokuwa ikinisubiri Jumatatu. Hapakuwa na fungu jingine mpaka mwaka ujao. "Hii si adhabu," akasema. "Ningeweza kuuacha mpango huu mpaka mwaka mpya tukaomba Mungu. Watu wengi hufanya hivyo. Nikuulize wewe: tusubiri?"

Niliona mikono inazungusha kofia. Niliona pia chumba changu cha kupanga, na mama akiwaambia majirani. "Tusisubiri, bosi."

Alivaa miwani, akasaini.

Seva mpya zilikuwa tayari Jumatano asubuhi. Tulizilinganisha jina kwa jina, chupa kwa chupa. Tulichagua saa sita mchana, wakati upasuaji wa asubuhi umekwisha na wa jioni haujaanza. Babu alizipigia simu hospitali zote sita. Kila moja ilichapisha orodha yake kwenye karatasi na kukubali kutusubiri dakika kumi.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe na sikuweza kukishusha. Fikiria kukata kamba uliyoifunga mwenyewe, ukijua fundo lako la mwanzo lilikuwa bovu.

"Nikusaidie?" Babu akauliza.

"Hapana. Nilisema mimi mwenyewe."

Nikabonyeza.

Taa ya seva ya kwanza ikawa nyekundu. Orodha ikatoweka, skrini ikabaki nyeupe. Sekunde kumi. Babu alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti. Ishirini. Simu ya mezani ikalia, hatukuigusa. Thelathini. Niliwaza wale watu tisa wamelala mahali fulani ndani ya weupe ule. Thelathini na tano. Nilianza kuomba, si kwa maneno.

Sekunde ya arobaini na moja orodha ikarudi. Nikatafuta damu ile ya shida. Majina tisa, na la tatu lilikuwa na alama aliyoiweka muuguzi dakika chache kabla hatujazima. Hakuna kilichobaki nyuma.

Babu aliketi sakafuni, mgongo ukutani. "Spea imefungwa," akasema, akacheka bila nguvu.

Nilitoka koridoni na ile karatasi ya mizigo. Nilikosea namba mara ya kwanza. Mara ya pili akapokea kwenye mlio wa kwanza.

"Mzee, ni mimi, wa kwenye orodha ya damu."

"Sema, mwanangu."

"Nimeizima. Ya pili imechukua nafasi ndani ya sekunde arobaini na moja. Watu wako tisa wapo wote. Lakini lazima nikuambie na jingine. Jumatatu ulipokuja isingefanya kazi. Ilikuwa imeharibika, na niliyeiharibu ni mimi."

Nilisikia injini ya gari lake ikiunguruma, kisha ikazimwa.

"Nani mwingine alijua hilo?" akauliza.

"Sasa wanajua wote."

"Na wewe wamekufanyaje?"

"Nipo mpaka Ijumaa, mzee."

"Basi Alhamisi utakuwepo," akasema.

"Nitakuwepo."