Kompyuta ya Mukta

Kompyuta zilifika kijijini Karanjwadi mwezi wa nane, thelathini na moja kwa jumla, zimepangwa kwenye maboksi nyuma ya gari la shirika moja la mjini. Kabla jua halijafika utosini kila nyumba ilishajua mtoto gani amepata na yupi amekosa. Zilikuwa za wanafunzi wa shule ya kijiji, darasa la kwanza hadi la nne. Shule ya kijiji inaishia hapo. Wa darasa la tano huvuka kijito kwenda shule kubwa ya ng'ambo, na huko gari halikwenda.

Hausabai alikuwa anapiga mikate ya mtama kwa viganja habari hizo zilipoingia uani. Mwanzoni hakuona zinamhusu nini. Kisha akamwona Mukta, binti wa shemeji yake Eknath, anaingia polepole kama aliyebeba sufuria ya maziwa yaliyojaa hadi ukingoni. Kifuani amekumbatia kitu cha kijani chenye mkono wa kushikia, kidogo kuliko ubao wa kukatia mboga. Alipokifunua kikawaka. Na nyuma ya Mukta akaingia Namdev, mtoto wake yeye Hausabai, mikono mitupu, ametoka shule ya ng'ambo na matope hadi magotini.

Mkate ukaungulia kwenye chuma.

Watoto hao wawili walizaliwa msimu mmoja wa mvua, Mukta akitangulia kwa siku kumi na tisa. Kutanguliwa huko Hausabai hakukusahau. Yeye ndiye mke wa kaka mkubwa, yeye aliingia kwanza katika nyumba ile, kisha akaja Vaiju, mke wa Eknath, mdogo mtu, msichana mwembamba aliyesoma hadi darasa la saba, akazaa kabla yake. Namdev alipotimiza miaka mitano, Hausabai alimshika mkono akampeleka shule na kumwambia mwalimu kwamba ana sita. Mtoto alizaliwa nyumbani, karatasi ilikuwa ya kuandikwa tu, ikaandikwa. Namdev akaanza mwaka mmoja kabla ya Mukta, na miaka yote minne Hausabai alihakikisha hakuna anayelisahau hilo. Mwezi wa tano mwanawe alipomaliza darasa la nne, alipita nyumba kwa nyumba akigawa pedha, vile vitamu vya maziwa, na mlango wa kwanza aliougonga ulikuwa wa Vaiju.

Sasa hesabu ilikuwa rahisi, hata kwa mtu asiyejua kusoma. Angemwacha Namdev aanze kwa umri wake, angekuwa darasa la nne. Angekuwa nayo.

Alijaribu kuidharau. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa ua kwamba ni mchezo wa plastiki, kwamba itaharibika kabla ya sikukuu ya Diwali, kwamba inaua macho. Lakini macho ya nyumba nzima yalikuwa huko. Mama mkwe, ambaye kwa miaka kumi na mbili alichambua mchele akiwa ameketi na Hausabai, alihamisha ungo wake mlangoni kwa Vaiju. Mukta alimpiga picha, bibi akajiona kwenye kioo, akacheka hadi akafunika mdomo kwa ncha ya sari. Hausabai hakukumbuka lini alimchekesha hivyo. Vaiju naye aliketi ubavuni mwa binti yake jioni, wanabonyeza vile vitufe laini pamoja, na herufi alizoziacha shuleni tangu aolewe zikawa zinamrudia moja moja. Alikuwa akiandika majina ya watu wa nyumbani. Siku moja alimwita Hausabai aje aone jina lake.

"Nina kazi, Vaiju," alijibu, akaenda kufagia zizi lililokwisha kufagiwa.

Hata Bhimrao, mumewe, alitoka shambani na mikono inanuka vitunguu akaenda moja kwa moja kuchungulia. Aliporudi akasema jambo dogo tu, kwamba mtoto wa Eknath ana akili. Hausabai alimpakulia chakula bila kumtazama. Maneno yale yalimkaa siku tatu nzima, na siku ya nne akavaa sari yake ya kutokea akaenda shuleni.

Mwalimu Sonawane alikuwa juu ya ngazi anafuta vumbi kwenye sola. Akashuka, akamsikiliza. Hausabai alisema aliyokwenda kuyasema: alidanganya umri wa mwanawe, mtoto ana miaka tisa, si kumi, mahali pake ni darasa la nne, na amrudishe.

"Mama Namdev, mimi hilo nalijua siku zote," mwalimu alisema. "Siku uliyomleta hakuwa na pengo hata moja mdomoni. Wenzake wote walishaanza kung'oka meno. Lakini nilimpima, nikaona anaweza, nikamwandika. Na ameweza. Kwa nini leo?"

Hausabai alisema kijito kinajaa wakati wa mvua, anahofia maji. Mwalimu alitazama kijito, ambacho kuku angeweza kukivuka, asimbishie. Alimweleza taratibu kwamba kurudi kunawezekana, ila kompyuta zililetwa kwa orodha ya majina, na boksi la ziada halipo. Alilisema mara mbili. Hausabai alilisikia mara zote mbili, lakini kichwani mwake lilikuwa limebaki neno moja tu, kwamba inawezekana. Mengine aliamini yatajipa. Mtoto akishakuwa darasani, watamnyimaje?

Kwa Bhimrao alipeleka ile ile hadithi ya kijito, na Bhimrao, aliyekuwa katikati ya kuvuna vitunguu, akasema fanya unavyoona.

Kwa Namdev haikuwa rahisi. Kule ng'ambo alikuwa ameshaingizwa kwenye timu ya kabadi, ule mchezo wa kukimbizana na kukamatana, na ana marafiki wawili wapya ambao majina yao hayakumtoka mdomoni. Mama yake alipomwambia kwamba Jumatatu atarudi shule ya kijiji, hakulia. Alimtazama tu.

"Mama, nimefanya nini?"

Hausabai alisema hajafanya kosa lolote, ni kwa faida yake, atakuja kushukuru. Alisema mengi. Mtoto aliendelea kumtazama kama anayengoja asikie jibu.

Jumatatu watoto wa darasa la nne walimpokea kwa wimbo waliouanza getini: Namdev kafeli, Namdev kafeli. Kompyuta hakupewa. Mwalimu alimketisha na Mukta ili watumie moja, na Mukta, ambaye miaka minne alikuwa akiambiwa amwangalie Namdev ajifunze kwake, alimsogezea nafasi ya upana wa kiganja.

"Kaa," alimwambia. "Ila usiguse mpaka nikuambie."

Namdev hakugusa. Wiki mbili aliketi ameweka mikono mapajani, anatazama dirishani. Hausabai aliyapata hayo kwa watu, na badala ya kujilaumu akapandwa na hasira kwa Vaiju, kana kwamba Vaiju ndiye aliyekwenda kwa mwalimu. Asubuhi moja akavuka ua, akamkuta anakanda unga, akamwambia kwamba haki ni haki: watoto wako darasa moja sasa, basi kompyuta ilale siku moja huku, siku moja kule.

Vaiju hakuacha kukanda.

"Dada," alisema, "ulimtanguliza mwanao ili asikae na mwanangu. Sasa umemrudisha akae naye. Sikukuuliza sababu siku ile, wala leo sikuulizi."

"Unanisema?"

"Nakusema, ndiyo. Miaka minne nimekusikia ukimsifu Namdev kisimani mimi nikiwa nimesimama hapo hapo na ndoo. Ile pedha uliyoniletea nilikula mbele yako nikatabasamu. Halafu nikaenda zizini nikalia, maana mwanangu alikuwa hajui hata kuzidisha. Unafikiri wivu ni wako peke yako?"

Hausabai alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hakuwa amejiandaa kusikia kwamba miaka yote alipokuwa akijiona yuko juu, mtu alikuwa akilia zizini, na lililomtia aibu zaidi ni kwamba sehemu ya moyo wake ilifurahi kulisikia.

Vaiju alifunika unga kwa kitambaa. "Aje," alisema. "Namdev aje kila jioni, nitamwambia Mukta. Lakini aje mwenyewe, usimlete wewe."

Namdev hakwenda. Badala yake, mvua zilipoisha, alimfuata baba yake shambani, akasimama kwenye tuta la vitunguu, akamwambia kwamba anataka kurudi kwenye shule yake. Bhimrao akamuuliza, na kijito je? Mtoto akamwonyesha kijito, maji hayafiki hata kifundo cha mguu. Hapo ndipo Bhimrao alipoelewa. Alirudi nyumbani akanawa miguu, akamwomba mkewe amweleze yote tangu mwanzo, umri, karatasi, yote. Hausabai alieleza. Bhimrao si mtu wa kupaza sauti. Alisema tu kwamba mtoto si kigoda, cha kusogezwa kila mwenye nyumba anapotaka kukaa. Baada ya Diwali alimvusha Namdev mwenyewe, na kule ng'ambo akakubaliwa.

Alikuwa ameachwa nyuma miezi miwili. Nafasi yake kwenye timu ilikuwa na mwingine. Kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka hakuwa wa kwanza wala wa tano, alikuwa wa kumi na saba, na Hausabai hakugonga mlango wa mtu. Namdev alimsamehe jinsi watoto wanavyosamehe, kwa kuomba chakula, lakini mambo ya shule alianza kumpelekea baba yake.

Mwezi wa tano Mukta alimaliza darasa la nne. Kompyuta ilikuwa ya shule, kwa hiyo ilimpasa airudishe ipewe mtoto anayeanza. Asubuhi ya kuirudisha Vaiju aliketi mlangoni akiifuta kwa ncha ya sari, kitufe kwa kitufe, na pembe moja iliyopasuka alishaizungushia uzi. Picha za bibi zilikuwa zimefutwa. Jina la Hausabai, ambalo hakwenda kuliona, nalo lilikuwa limefutwa.

Hausabai alisimama uani na ndoo mkononi. Alijua alipaswa kuona huruma, na huruma aliiona, ila si hiyo iliyotangulia. Kilichotangulia kilikuwa kitu kitamu na kichafu, kikapanda hadi kwenye midomo. Alijaribu kugeuka akachelewa, Vaiju alishainua macho.

"Umefurahi, Dada?"

Angeweza kukana. Alishaweka ndoo chini akane.

"Kidogo," alisema.

Vaiju alimtazama, kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani, akarudi kwenye kufuta. "Nilijua," alisema. "Basi njoo uketi, unishikie hapa, huu uzi unafunguka."

Hausabai akaenda, akashika.